Mizani ya Maneno ya Ukweni

Raheli alifurahi kukosea. Naam, umesikia vizuri. Mtu mzima, msomi, mwenye shahada moja kabatini na ya pili njiani, aligundua kwamba kazi aliyoihangaikia tangu masika ilikuwa imeharibika siku ya kwanza kabisa, na badala ya kulia akakaa juu ya gunia la alizeti akacheka mpaka kamasi zikamtoka. Wapo watakaosema alichanganyikiwa. Mimi nasema ningekuwa yeye ningechinja na kuku.

Ngoja nianze panapotakiwa, maana nikienda hivi nitawaacha njiani.

Raheli ni binti wa Mwalimu Isaka wa Nduguti, na ameolewa Iguguno, kwa kina Amosi, mumewe. Chuoni alikuwa anasomea mambo ya lugha, na kazi waliyopewa yeye na wenzake ilikuwa moja ya zile kazi ambazo ukimweleza mtu kijijini anakugusa paji la uso kuona kama una homa. Walipewa kupima lugha. Ipi ina mambo mengi ndani yake na ipi ina machache, ipi imesukwa sana na ipi imesukwa kidogo. Kila mwanafunzi achukue lugha ya kwao, awaonyeshe watu filamu fupi isiyo na sauti, filamu ileile kwa lugha zote, kisha kila mtu aeleze alichokiona. Maelezo yanarekodiwa, yanaandikwa neno kwa neno, yanaingizwa kwenye kompyuta.

Kompyuta nayo inayakamua. Watu wa Singida hawahitaji kufundishwa kukamua, mashine za alizeti tunazisikia zikinguruma kila tunakopita. Programu ile inabana maandishi: kinachojirudiarudia inakiweka pembeni, na kile kinachogoma kubanwa ndicho kinachohesabiwa. Lugha iliyobaki na kingi ina mambo mengi. Iliyobaki na kiduchu ni nyepesi. Halafu zote zinapangwa kwenye jedwali moja toka juu hadi chini, Kinyaturu, Kigogo, Kisukuma, Kiswahili, na nyingine za mbali huko, Kituruki na Kijapani, zilizopimwa na wenzao wa vyuo vya huko.

Kinyiramba, lugha ya kina Raheli, kilikuwa cha mwisho.

Tena si cha mwisho kwa kusukumana na wenzake. Kilikuwa chini peke yake, wengine wote wamejikusanya huko juu. Clement, kijana wa Ikungi aliyepima Kinyaturu, alipoliona jedwali akamtumia ujumbe: "Dada Raheli, nyie Wanyiramba maneno yenu mmeyapeleka mnadani?" Akaambatanisha vicheko mpaka vikajaza kioo cha simu. Siku nyingine Raheli angemjibu Mnyaturu yule mpaka ajute kuzaliwa Ikungi. Siku hiyo aliiweka simu kifudifudi akaiacha.

Kilichomuuma hakikuwa utani wa Clement. Kilikuwa baba yake.

Mwalimu Isaka alifundisha shule za msingi mpaka akastaafu, na katika maisha yake yote hakuwahi kumsemesha binti yake Kinyiramba. Hata mara moja! Nyumbani ilikuwa Kiswahili sanifu, na ukikosea unarudia sentensi nzima umesimama. Kinyiramba, alisema, ni lugha ya kuswagia ng'ombe: njoo, nenda, kunywa, lala. Mtu akitaka kufikiri anahitaji lugha yenye nafasi ndani yake. Raheli alijifunzia Kinyiramba kwa shangazi zake, kwa kujificha, kama watoto wengine wanavyojifunza kuvuta sigara. Na alipokwenda chuo alikwenda na jambo moja moyoni, ambalo hakumwambia mtu isipokuwa Amosi. Alitaka kumwonyesha baba yake kwamba hapo amekosea, na amwonyeshe kwa hesabu, kwa sababu mzee yule kitu kisicho na hesabu hakisikilizi.

Sasa hesabu imekuja, na imesema mzee yuko sahihi.

Alimpigia simu akamwambia. Sijui alitaka nini, labda kuonewa huruma. Mzee hakumcheka, na afadhali angemcheka. Alisema kwa upole kabisa, "Usiumie, mwanangu. Umejitahidi. Mimi hayo niliyajua zamani." Raheli akakata simu, akaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa.

Na Jumatatu ndiyo ilikuwa siku ya kukabidhi. Msimamizi wake, Dakta Antipasi, alikuwa amemwambia wazi kwamba matokeo ni matokeo, tupende tusipende. Jedwali lingechapwa kwenye kitabu cha chuo, na chini ya safu ya Kinyiramba lingekaa jina la Raheli Isaka, kwamba huyu ndiye aliyeipima lugha ya mama yake akaikuta tupu. Kitabu kikishatoka, watu wa nchi nyingine watakisoma na kukinukuu, nani atakirudisha tena? Raheli alikuwa na njia mbili: aukabidhi uongo ambao hakuwa na namna ya kuthibitisha kwamba ni uongo, au asikabidhi kitu na shahada iende na maji. Tangu jedwali litoke alikuwa hali vizuri.

Ndipo ikafika ile Jumamosi ya alizeti.

Alizeti ilikuwa imevunwa, vichwa vimerundikwa uani kwa wakwe zake pale Iguguno, na mama mkwe wake alikuwa anavipiga kwa fimbo. Huyu mama mkwe, Mama Eliza, ni mwanamke mrefu, mkimya, ambaye kwa Raheli maneno yake yalikuwa ya kupimiwa na kijiko. Umeamka? Umekula? Funika maji hayo. Siku ya kurekodiwa alikaa kwenye kigoda, kitenge kimefunika mpaka vifundo vya miguu, akaitazama filamu yote, kisha akainamisha macho akasema: "Mama ameanika mahindi. Mbuzi amekula. Mama amemfukuza. Ameanguka. Basi." Mumewe, mzee Gaspari, alifupisha zaidi: "Mbuzi alikula mahindi." Na kaka yake mzee Gaspari, mtu anayesifika kijiji kizima kwa porojo, alikohoa akasema, "Kama alivyosema mwenzangu."

Asubuhi hiyo Raheli aliaga kwamba anatoka kwenda barabarani kutafuta mtandao. Alipofika kwenye kona akakuta simu haina chaji, akarudi kwa mlango wa nyuma, akaingia stoo na kujikalia juu ya gunia, hana hamu ya kitu. Nje ya ukuta fimbo zilikuwa zinadunda alizeti, na jirani yao Agnes alikuwa amefika kusaidia. Na Mama Eliza, akidhani mkamwana wake yuko barabarani huko, akaanza kumhadithia Agnes ile filamu.

Alisema kwa Kinyiramba. Mimi nawapa kwa Kiswahili, na mnisamehe, sifikii hata nusu.

"Wewe Agnes, nisikilize. Yule mwanamke kaanika mahindi, si ndiyo? Eti kuanika! Kayamwaga. Mtu wa kuanika anatandaza kwa kiganja, anachagua na mawe, huyu kamwaga kama basi linamwacha. Simu ikalia. Kaichukua, kaenda nayo nyuma ya nyumba. Ni simu ya nani hiyo inayopokelewa nyuma ya nyumba? Usinijibu, ninajua na wewe unajua. Sasa mbuzi. Beberu mwenyewe, ndevu hizi hapa, kasimama pembeni anamtazama mama wa watu anavyoondoka. Kwamba alikimbilia mahindi? Hakukimbia! Alitembea. Alitembea taratibu, kama mwenye nyumba anayerudi kula chakula chake. Akala yale ya pembeni kwanza, hana haraka, akasogea katikati, akayalalia, Agnes, akayalalia huku anakula! Na mwanaume wa baiskeli akapita, akaona, akageuza shingo. Hata kusema shii, hasemi. Mama anarudi, anakuta beberu kajilaza, anaruka na upawa, mguu huo ukakanyaga mahindi yake mwenyewe, puu! Chali! Kitenge kule, mapaja huku, na mapaja yenyewe…"

Mapaja yenyewe nayaacha. Yalielezwa kwa kirefu, na Agnes alicheka mpaka fimbo ikamdondoka.

Raheli alikuwa amesimama, mdomo wazi. Hakuwa anasikiliza mapaja. Alikuwa anasikiliza kitenzi kimoja cha kula kikipinduliwa umbo hili na lile, kula kwa asubuhi na kula kwa sasa hivi, kula kwa kujificha, kula kwa kuendelea bila aibu, maneno mengine hajayasikia tangu utoto wake kwa shangazi zake, yanapangwa bila kusita na mwanamke ambaye kwenye kinasa sauti alisema mbuzi amekula, basi. Filamu ni ileile, na mdomo ni uleule. Akajiuliza, kilichobadilika ni nini?

Mimi, akajijibu. Kilichobadilika ni kwamba mimi sipo.

Hapo ndipo alipokaa tena juu ya gunia. Wakwe! Watu wote aliowarekodi walikuwa wakwe zake. Alichagua Iguguno kwa sababu ndiko anakoishi, watu hawamkatalii, na kula ni bure. Na mkwe hamwagi maneno mbele ya mkamwana. Heshima yenyewe ni kusema kidogo. Hataji majina ovyo, hagusi mambo ya mwili, hatanii, hasimulii mpaka mate yakamruka. Anasema linalotosha na anafunga mdomo. Raheli aliyajua hayo tangu hajaota meno, na aliyajua mno kiasi kwamba hakuyaona. Mgeni kutoka mbali angeuliza siku ileile ya kwanza, mbona wazee wenu wananijibu kama wako mahakamani? Yeye hakuuliza, kwa sababu kwake ilikuwa sawa tu, wakwe ndivyo wanavyoongea. Kumbe alikuwa ameweka ukwe kwenye mizani akasoma uzito wa lugha. Na Clement je? Clement alirekodi kwa wajomba zake, ambako mpwa anatukanwa kwa mapenzi toka asubuhi mpaka jioni!

Ndipo akaanza kucheka. Alicheka peke yake stoo mle, akajaribu kujiziba kwa khanga, ikashindikana. Fimbo nje zikanyamaza. Mlango ukasukumwa na Mama Eliza akasimama pale, fimbo mkononi, uso umemshuka.

"Kumbe upo!"

"Nipo, mama."

"Umesikia mpaka wapi?"

Raheli angeweza kudanganya. Lakini furaha ilikuwa imemjaa mno. "Mpaka kwenye mapaja, mama."

"Yesu wangu!" Mama Eliza akajifunika uso kwa kitenge. Nyuma yake Agnes alikuwa ameshakimbia, na kicheko chake kilisikika kikienda zake kule njiani.

Raheli akapiga goti mbele ya mama mkwe wake, pale pale penye maganda ya alizeti. "Mama, hujui ulivyoniokoa leo."

"Nimekuokoa kwa mapaja?" aliuliza mama kutoka ndani ya kitenge.

Raheli akamweleza yote, jedwali, Jumatatu, baba yake. Mama Eliza alishusha kitenge kidogo kidogo, jicho moja kwanza, kisha la pili. Mwisho akasema, "Sasa mwanangu, mbona hukusema unataka na hayo? Wewe ulisema tueleze kilichotokea, tukaeleza."

"Ningesema, ungeyasema?"

Mama Eliza alifikiri kweli kweli. "Nisingeyasema," alikiri. Kisha akacheka, na ilikuwa mara ya kwanza Raheli kuyaona meno yake ya nyuma. "Nenda kwenu wakakwambie. Kwenu wewe ni mtoto, watakwambia mpaka utachoka. Sisi hapa usitulazimishe."

Mchana huo Raheli alikula ugali mabonge kwa mabonge, na dagaa wote wakaisha kwenye bakuli. Mzee Gaspari alimwangalia kwa pembe ya jicho, akasema, "Leo unakula." Ilikuwa ni hotuba ndefu sana kwake.

Dakta Antipasi alipigiwa simu, akaelezwa yote. "Kwa hiyo," akasema, "tumekuwa tukilinganisha ukwe na ujomba." Akavuta pumzi. "Na huyu wa Kigogo amerekodi wapi? Na wa Kisukuma? Mungu wangu, hata sijawauliza." Raheli alijiandaa kugombezwa. Badala yake msimamizi akasema Jumatatu imefutwa kwa watu wote, kila mmoja arudi akarekodi kwao alikozaliwa, mbele ya watu wanaomwona kama mtoto wao, na asirekodi penye mkwe wala mjomba. "Afadhali umeliona kabla halijachapwa," alisema. "Lingeniumbua mimi kuliko wewe." Raheli alishukuru, akaishusha simu, na mabega yake yakashuka nayo. Usingizi wa siku hiyo ulikuwa wa kufa, Amosi anasema hata alikoroma, ingawa mwenyewe anakataa.

Clement alipata habari, akaandika: "Kwa hiyo Kinyaturu changu kilipanda kwa sababu ya matusi ya wajomba?" Raheli akamjibu kwamba ndiyo, na kwamba aende mnadani akayarudishe. Wakawa wamelingana.

Basi akapanda bodaboda kwenda Nduguti. Shangazi yake Selina ndiye aliyewakusanya watu, uani kwake, penye karanga za kumenya, wazee na wanawake wenzake. Jamani! Hawakungoja kuombwa. Bibi mmoja, kabla hata filamu haijaanza, alishamwita Raheli mke mwenzake na kumuuliza kama huko Iguguno wanamlisha, maana kiuno kimepotea. Filamu ilirudiwa kwa sababu kelele zilizidi. Wakabishana beberu ni wa nani. Wakabishana kuhusu simu. Mzee mmoja akalaumu upawa, akisema huwezi kumfukuza mbuzi na upawa, akaonyesha kwa mwili namna ya kumfukuza, akamwaga karanga. Raheli alikuwa amekaa chini mkekani miongoni mwao, kinasa sauti kinawaka taa yake nyekundu, na moyo wake umetulia kabisa.

Kazi ya kuandika aliifanyia nyumbani kwa baba yake, kwenye chumba chake cha usichana. Anayejua kazi ile anajua taabu yake: unasikiliza kipande cha maneno, unakisimamisha, unarudisha nyuma, unasikiliza tena, unaandika, unarudisha tena. Siku nzima Selina na wenzake walikuwa wakiongea chumbani mle, sentensi moja ikirudiwa mpaka kuta ziishike. Na upande wa pili wa ukuta, sebuleni, Mwalimu Isaka alikuwa amekaa na redio yake. Hakuuliza kitu. Binti alimwamkia asubuhi, shikamoo baba, marahaba mwanangu, umelala salama, wakanywa chai kwa Kiswahili sanifu, kisha kila mtu akaenda upande wake. Raheli aliona tu kwamba kila siku sauti ya redio ilikuwa chini kuliko jana yake, akadhani betri.

Kazi ikaisha, wenzake nao wakatuma za kwao. Alasiri moja Dakta Antipasi akaleta jedwali jipya. Raheli alilifungua, akalitafuta jina kuanzia chini, kwa mazoea. Halikuwepo chini. Lilikuwa katikati, limebanana na Kinyaturu upande huu na Kijapani upande ule. Na sasa hakukuwa na wa juu peke yake wala wa chini peke yake. Pale Kinyiramba kilipokuwa na maumbo mengi ya vitenzi, lugha nyingine ilikuwa na ugumu wake mahali pengine, na ukijumlisha vyote, zote zilikaribiana, kama majirani waliokaa benchi moja. Raheli aliweka kichwa juu ya meza akalia. Alilia kwa raha, ile ya mtu aliyetua mzigo na bado shingo inauma.

Kisha akanawa uso, akaenda sebuleni kumwonyesha baba yake.

Mwalimu Isaka alivaa miwani akalisoma jedwali polepole, kama alivyokuwa akisahihisha madaftari. Akauliza programu inafanyaje kazi, akaelezwa. Akauliza nani kahesabu, akaelezwa. Mwisho akavua miwani.

"Wanawake wale wana maneno mengi," alisema. "Maneno mengi peke yake si lugha, Raheli."

Zamani hapo ndipo ugomvi ungeanza. Raheli alingoja hasira yake ije, na haikuja. Alikuwa amefika mwisho wa safari akakuta hana haja ya kumshinda mtu. Jedwali lilikuwa sahihi, na jina lake lingekaa chini ya jambo la kweli, inatosha. "Haya, baba," alisema, akanyoosha mkono kuchukua karatasi yake.

Mzee hakuiachia. "Na huyo Selina," alisema, "pale kwenye baiskeli amedanganya."

"Amedanganya?"

"Anasema mwanaume hakumwona mbuzi. Siku zote hizi namsikia anasema hakuona, hakuona, unamrudisha na anasema tena hakuona. Alimwona! Aligeuza shingo baada ya kumwona. Wewe unajua kwa nini aligeuza shingo?"

"Sijui, baba."

Mwalimu akafungua kinywa kumweleza, kwa Kiswahili. Alisema neno la kwanza na la pili, akakwama. Akajaribu tena, akapunga mkono kama anafukuza nzi. Na kile kilichofuata kikatoka kwa Kinyiramba.

Loo! Mimi nimewasikia wasemaji, lakini ile ilikuwa mvua. Alisema mwanaume yule alikuwa shemeji wa mama mwenye mahindi, inaonekana kwa namna alivyopunguza mwendo bila kushuka. Alisema shemeji wa namna hiyo hawezi kuita, kwa sababu akiita ataulizwa alikuwa anatazama nini uani kwa watu, na simu iko nyuma ya nyumba, na yeye anajua iko nyuma ya nyumba. Alitaja mbuzi kwa umri wake na kwa rangi yake, kwa majina ambayo Raheli hakuwa nayo. Aliigiza shingo. Alisimama. Miaka yote ya ubao na chaki ilikuwa imesahaulika, mzee amekunja mikono ya shati, anazunguka sebule, anauliza maswali na kuyajibu mwenyewe. Raheli alichukua kinasa sauti, akakinyanyua juu wazi wazi ili baba akione. Mzee akakiona. Akakikazia macho, na akaendelea.

Alipomaliza alikuwa anahema. Akakaa, akagundua alichokifanya, na aibu ikamjia usoni kama mtoto.

"Kifute hicho," alisema kwa Kiswahili.

"Nitakifuta ukisema," Raheli alijibu. "Ni sauti yako, hakuna anayeweza kuitumia bila ruhusa yako. Lakini isikilize kwanza, baba. Mara moja tu."

Akamvalisha hedifoni kwa mikono yake mwenyewe, akabonyeza. Mwalimu Isaka alisikiliza akiwa ameinamia sakafu. Mwanzoni alikunja uso, kama mtu anayesikiliza mwanafunzi mtukutu. Kisha mikunjo ikafunguka mmoja mmoja. Mkono wake ukapanda ukaishika hedifoni, akaisukumiza sikioni zaidi.

Hakuivua mpaka mwisho. Hata sauti ilipokwisha alibaki nayo.

"Huyu si mimi," alisema. "Huyu ni baba yangu. Ndivyo alivyokuwa akiongea. Nilidhani nimemsahau." Akajipangusa macho kwa kiganja cha mkono. "Chuo cha ualimu walinicheka kwa namna ninavyosema, Raheli. Nikaapa mtoto wangu hatachekwa."

Raheli alipiga magoti pale chini akaishika mikono ya baba yake, na yote aliyokuwa amemwekea moyoni tangu utoto, maneno yale ya ng'ombe, kurudia sentensi umesimama, ile simu ya upole, yakaondoka kwa pamoja. Hakuyatafuta tena.

"Nifute, baba?"

Mzee alitikisa kichwa. Akasafisha koo. Na kwa Kinyiramba, kwa mara ya kwanza tangu amzae, akamsemesha kwa kukusudia. Alimwita mwanangu. Alimwambia aiache sauti ile, lakini akiwashe tena kinasa, kwa sababu habari ya yule beberu hajaimaliza.

"Ndiyo, baba," Raheli akamjibu kwa lugha hiyohiyo, na akasogeza kinasa sauti karibu.